Sauti ya Eness Kwenye Wimbo wa Mwisho

Rabson Kapembwa haamini ubao mpaka augonge. Mletee mtumbwi uliopakwa rangi jana, unang'aa kama kiatu cha Jumapili, naye atauzunguka, nyundo ya mti mkononi, akigonga ubao mmoja baada ya mwingine, kichwa kimeinama upande wa kushoto. Tok, tok, tok. Halafu tuk. Hapo husimama. "Hapa kumeoza," husema. Mwenye mtumbwi huanza kubisha, na Rabson humpa nyundo agonge mwenyewe. Wengi hawasikii tofauti yoyote. Wakitoboa, wanakuta ubao umelainika kama mkate uliolowa chai.

Nilimfahamu mwezi wa tisa, mwaka 1998, vita vilipofunga shule yangu kule Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilikuwa na diploma ya ualimu kutoka Lubumbashi, mashati mawili, na hasira ya kutosha kuendesha boti bila injini. Shangazi yangu Clotilde alikuwa akivusha vitenge na sabuni kwenda Kashikishi na kurudi na samaki. Akaniweka upande wa Zambia nisimamie boti yake. Boti ilikuwa inavuja. Kila niliyemwuliza alinyoosha kidole kuelekea paa moja la nyasi ufukweni, jirani na mchanga ambapo wanawake huanika chisense, wale dagaa wadogo wanaometa juani kama misumari mipya.

Kwenye rafu ya karakana yake, kati ya makopo ya lami na mafungu ya pamba ya kuzibia nyufa, niliona gunia la unga lililofunika kitu. Ilikuwa mashine ya kupigia santuri, ya plastiki nyekundu, ya betri. Chini yake palikuwa na santuri moja tu. Nilipoona picha ya jalada, nililifuta vumbi kwa shati.

Vijana watano wenye suruali pana chini, wamesimama juu ya kifusi cha mgodi wa Kitwe. Bendi ya Inyundo. *Umulilo pa Menshi*, yaani moto juu ya maji, ya mwaka 1975. Nilikuwa naijua sana. Tulipokuwa wanafunzi Lubumbashi tulikuwa na kaseti yake, iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, mpaka magitaa yalisikika kama yanapigwa ndani ya gunia. Tuliisikiliza kama watu wengine wanavyosoma Zaburi. Hii ilikuwa roki ya watu wetu, ya miji ya shaba, inayonguruma kwa Kibemba, na hakuna aliyetuomba tuwe wapole tulipoicheza.

"Papa Rabson, hii umeipata wapi?"

"Ni yangu."

"Ulinunua?"

"Hapana. Nilipewa." Aliendelea kugonga. "Huyu wa mwisho, mwenye nywele mingi, unamuona?"

"Huyo ndiye mpiga ngoma."

"Njo miye."

Nilimtazama yule kijana wa kwenye jalada, kisha mwanamume huyu wa miaka arobaini na mitatu, upara umeanza, lami kwenye kucha. Masikio yalikuwa yaleyale.

Sasa, kila aliyeipenda santuri ile anajua ina kasoro moja. Nyimbo saba za kwanza ngoma inakwenda kama treni. Ya nane na ya mwisho, inayoitwa "Inkafi", yaani kafi, ngoma inajikwaa. Pigo linalotakiwa kuanguka pamoja na gitaa linakuja nyuma kidogo, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Linafanya hivyo mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Sisi wanafunzi tulisema alikuwa amelewa. Kashikishi walikuwa na mzaha wao. Kingsley, mwenye baa iliyo hatua thelathini kutoka karakana, mtu mnene wa sauti kubwa, alimsalimia hivi kila asubuhi:

"Ba Rabson! Ule mguu unaendeleaje? Bado unachechemea?"

Na Rabson alijibu kwa heshima kila asubuhi: "Unapona polepole, mukwai."

Kwa sababu ya wimbo ule bendi ilimfukuza wiki mbili baada ya santuri kutoka. Alirudi ziwani akajifunza mitumbwi. Hakuwahi kupiga ngoma tena, hata kanisani, hata walipomsihi.

Mwezi wa kumi, dereva wa lori la samaki aliniletea bahasha kutoka Lusaka. Ilitoka kwa Didier, tuliyesoma naye, ambaye sasa anauza vipuri huko. Ndani palikuwa na CD, mpya kabisa, plastiki yake haijafunguliwa, yenye picha ileile ya vijana watano juu ya kifusi. Didier aliandika: kampuni ndogo ya Ulaya imeipata mikanda ya kwanza ya studio, imechanganya sauti zote upya. Sikiliza, halafu uniambie kama wametuibia au wametupa zawadi.

Mimi sikuhitaji kusikiliza. Nilikwenda karakana nikiwa nimewaka.

"Bamechanganya upya! Nani aliwapa ruhusa? Miaka ishirini na tatu hakuna mutu aliuliza hii bendi inakula nini. Leo banakuja na mashini zao kutusafishia nyimbo! Kama ilirekodiwa vile, ilikuwa vile. Mutu akishaimba, ameimba! Utamurudia umunyooshe mudomo?"

"Prof," alisema Rabson, maana ndivyo alivyoniita, "punguza moto, kuko lami hapa."

Alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua CD kwa ncha za vidole, akaigeuza. Nilifikiri anatafuta jina lake. Lakini aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Wimbo wa mwisho iko na dakika ngapi?"

Nilisoma. "Sita na sekunde ishirini."

Alikwenda kwenye rafu, akatoa santuri, akaisogeza kwenye mwanga. Pale katikati, kwenye karatasi ya duara, paliandikwa dakika nne na sekunde tano. Aliangalia moja, akaangalia nyingine. Kisha akakaa juu ya ukingo wa mtumbwi aliokuwa anauziba nyufa, polepole, kama mtu anayeketi ndani ya maji baridi.

"Basi hawakumufuta," alisema.

"Nani?"

"Eness."

Hapo ndipo aliponieleza, akiangalia nyundo muda wote. Eness alikuwa dada yake mkubwa, kifungua mimba wa mama yao. Walizaliwa Mununga, kaskazini ya hapa, pwani hiihii ya ziwa. Rabson alipopata nafasi katika bendi, Eness alimfuata Kitwe, akawa anapika kwa jamaa wa mgodini. Alikuwa na sauti ya kuitia watu walio mbali majini. Mpiga gitaa alipotunga "Inkafi", akaujenga wimbo juu ya nyimbo za wapiga kafi, Rabson alisema, dada yangu anazijua zote. Wakamchukua hadi studio moja ya Ndola.

"Sasa sikia, Prof. Kwetu, watu wakipiga kafi pamoja, kiongozi anaimba wakati kafi inaingia kwenye maji. Wale wa kujibu hawajibu hapo. Wanangoja. Kafi ivutwe, itoke, idondoshe maji. Njo wanajibu. Kama unajibu mbele ya pale, mutumbwi unayumba, wazee wanakutukana."

"Na Eness alijibu vile."

"Alijibu vile. Mule studio bakasema anachelewa. Muzungu wa mashini akasema anachelewa. Mpiga gitaa naye. Tukarudia mara tatu, tunapiga wote pamoja, yeye iko na maikrofoni yake kwenye kona. Mara ya tatu bakaniangalia miye. Ni dada yangu, miye njo nilimuleta." Aliigeuza nyundo. "Nilikuwa na miaka makumi mbili. Nilikuwa na suruali mupya. Sikutaka wajue niko mutoto wa wavuvi wanaohesabu na kafi. Njo nikasema, mutoeni, anachelewa."

Wakaishusha sauti yake mpaka ikapotea. Eness alirudi Mununga kwa basi kesho yake. Aliolewa, na mwaka 1977 akafa katika uzazi, yeye na mtoto. Hakuwahi kupigwa picha. Katika dunia yote hapakuwa na kitu kilichobaki cha Eness isipokuwa jina lake juu ya mama yao, kwa sababu mama huitwa kwa kifungua mimba wake. Kila siku, kila mtu wa Mununga alimwita yule mama Bana Eness.

"Na mama anajua?"

"Anajua ni bazungu ba studio walimutoa." Aliweka nyundo chini. "Nilimuambia vile. Mpaka leo."

Mashine ya CD ilikuwa moja tu pale bandarini, ya Kingsley. Alikubali kuiazima kwa sharti la kuja nayo mwenyewe. Saa nne asubuhi ya Jumamosi alitua karakana akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga, betri sita mpya ndani, akasema amekuja kusikia kama wazungu wameuponya mguu.

Rabson alipanga kazi kama anavyopanga kazi ya mtumbwi. Mashine nyekundu upande huu, ya Kingsley upande ule. Wimbo mmoja kutoka santuri, kisha wimbo uleule kutoka CD. Hakuna kuruka. Alisimama katikati, kichwa upande wa kushoto.

Wimbo wa kwanza, kwenye santuri, ulikuwa kama nilivyoupenda siku zote: magitaa mawili yamebanana, nyuki ndani ya debe, besi inasukuma kutoka chini ya sakafu. Kisha CD. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia. Lakini yale magitaa mawili niliyoyadhani ni moja yaliachana, moja huku, moja kule, na katikati yao pakafunguka nafasi ambayo mtu angeweza kuingia na kiti. Nikasikia kidole kinavyoteleza kwenye waya. Nikasikia mtu anavuta pumzi kabla ya kuimba. Mtu! Kwa miaka mingi nilidhani ile ni radi inayoimba, na kumbe kulikuwa na mtu, ana mapafu.

"Bon," nilisema, yaani sawa.

Rabson hakupenda kila kitu. Wimbo wa tatu alitikisa kichwa. "Hapa bamepiga randa sana. Ubao umekuwa mwembamba." Na alisema kweli. Santuri ilikuwa na uzito pale, besi na ngoma zilishikana kama ngumi. Kwenye CD kila kidole kilijitenga, safi, na ngumi haikuwepo. Wimbo wa tano alisema ni bora. Wa sita alisema ni sawasawa, ni rangi tu. Nilianza kuelewa kwamba maswali yangu yote ya nani ana haki gani yalikuwa ya mtu asiye na nyundo. Yeye alikuwa anagonga na kusikiliza, basi, na aliliita kila jambo kwa jina lake.

Wimbo wa saba ulipokwisha, Kingsley alisugua mikono. "Sasa mgonjwa wetu."

Rabson aliweka sindano juu ya "Inkafi" kwanza. Gitaa likaingia, ngoma ikaingia, na ngoma ikajikwaa kama ilivyojikwaa siku zote. Kingsley alicheka puani. Rabson alisikiliza hadi mwisho bila kufumba macho. Kisha akanipa ishara kwa kidevu, nikabonyeza kitufe cha mashine ile nyingine.

Gitaa lilelile. Ngoma ileile. Pigo la kwanza likaja nyuma, kama kawaida, na katika nafasi ile ambapo kwa miaka ishirini na tatu ngoma ilikanyaga ngazi isiyokuwepo, sauti ya mwanamke ilisimama.

Sijui niandike vipi. Haikuwa sauti ya bendi. Ilitoka mbali na ilikuwa karibu, haikutetemeka hata kidogo, ilikaa juu ya ziwa la kelele lile kama mtu anayesimama kwenye mtumbwi bila kushika kitu. Gitaa liliita. Yeye akangoja. Akajibu. Na kila alipojibu, ngoma ilikuwa pale, chini ya mguu wake, haikuchelewa hata chembe. Ngoma haikuwahi kujikwaa. Ilikuwa inamfuata. Rabson wa miaka ishirini, aliyeona aibu kuhesabu kwa kafi, mikono yake ilikuwa imehesabu kwa kafi bila kumwomba ruhusa, ikambeba dada yake wimbo mzima, na walipomtoa dada, mikono ikabaki imebeba hewa. Hiyo hewa ndiyo tuliyoiita kasoro. Mimi mwenyewe niliicheka, na diploma yangu.

Mapigo yaleyale! Hakuna aliyeyagusa, hakuna aliyeyanyoosha. Walirudisha tu kile kilichokuwa kimeondolewa juu yake, na ukilema ukawa mwendo.

Nilimtazama Kingsley. Alikuwa amevua kofia.

Magitaa yalinyamaza kwenye dakika ya nne, pale santuri inapokoma. Eness hakunyamaza. Aliendelea peke yake, na ngoma polepole, kama watu wanaoikaribia pwani wakiacha mtumbwi uteleze. Halafu akacheka kidogo, hewa tu, ya mtu aliyeridhika na kazi. Kisha mkanda ukaendelea kuzunguka: viti vinasogea, mtu anakohoa. Na sauti changa ya kiume ikasema kwa Kibemba, wazi kabisa, karibu na maikrofoni:

"Mutoeni. Anachelewa."

Hatua za miguu. Halafu mlango.

Wale wa Ulaya hawakujua Kibemba. Bila shaka walidhani ni maneno mazuri ya kufungia santuri.

Rabson alikuwa ameshika nguzo ya karakana. Wanawake wa chisense walikuwa wamesimama mchangani na reki zao mkononi, wanatuangalia.

"Ba Rabson," Kingsley alisema taratibu, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akisema kitu taratibu, "mashini mutaenda nayo mutakako. Betri pia."

Tulijua wote ni wapi. Lakini Rabson hakuondoka siku ile, wala kesho yake. Jumatatu alinijia.

"Prof, unaweza kuikata? Uitie kwenye kaseti, uikatie pale anapocheka?"

Ilikuwa rahisi. Kitufe kimoja. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nchi yangu ilikuwa inaungua kwa uongo wa watu wazima, nikamjibu kama anayehutubia uwanja.

"Kuikata ni kumutoa mara ya pili. Mama yako iko na haki ya kusikia yote. Ukweli hauna kipande cha kutupa!"

Alikwaruza lami kwenye ukucha. "Weye ulishadanganya mama yako?"

"Hapana."

"Basi, huna mama, ama unadanganya sasa."

Aliondoka. Jumatano alfajiri alikuwa mbele ya mlango wangu na mashine ndani ya gunia la unga, ile CD mfukoni mwa shati. Hakuuliza tena habari ya kaseti. Tulipanda kanta, lori dogo lililokuwa inakwenda kubeba samaki.

Bana Eness alikuwa ameketi nje ya nyumba yake Mununga, kwenye mkeka, anamenya mihogo. Mwanamke mdogo, mkavu, mikono mikubwa kuliko mwili. Alijua Kiswahili kwa sababu ujanani aliuza samaki Pweto, na aliniuliza habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Nyuma yake ziwa lilikuwa limelala, mitumbwi imegeuzwa matumbo juu.

"Huyu mukongomani ni nani? Amekuja kuoa?"

"Ni mwalimu, Mayo," alisema Rabson, maana mayo ni mama kwa Kibemba. "Amekuja na kitu. Tunataka usikie."

"Kanisa?"

"Hapana. Ni Eness."

Kisu kilisimama kwenye muhogo.

Rabson alipiga magoti mbele yake, akaweka mashine juu ya mkeka. Mikono yake, ile inayojua ubao uliooza, haikuweza kuingiza CD. Niliiingiza mimi. Nikapeleka hadi wimbo wa nane, nikakaa karibu na vitufe.

Gitaa lilipoanza mama aliguna, hakulipenda. Kisha Eness akajibu.

Yule mama hakulia. Aliinua mkono, kiganja wazi, kama anayemnyamazisha mtu, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. Midomo yake ilianza kwenda. Niliuona uso wake ukifunguka, kunjo moja baada ya jingine, hadi nikaona yule muuza samaki wa Pweto ndani yake. Nilisahau siasa zote. Nilifikiria jambo moja tu: dakika ya nne inakuja, na baada yake kile kicheko, na baada ya kile kicheko, yale maneno. Na mimi, mhubiri wa ukweli mzima, nilijikuta kidole changu kiko juu ya kitufe cha kuzima.

Eness alicheka. Nikabonyeza. Yaani, nilitaka kubonyeza. Rabson alikuwa ameushika mkono wangu kwenye kifundo, kwa nguvu ya kuvunja.

"Acha," alisema.

Viti vilisogea. Mtu akakohoa. *Mutoeni. Anachelewa.* Mlango.

Kuku alipita kati yetu na mashine. Bana Eness alishusha mkono wake.

"Nani huyo?"

"Ni miye, Mayo."

"Hiyo sauti ya mwisho."

"Ni miye. Hakuwa muzungu. Ni miye njo nilisemaka."

Alimtazama mwanawe, upara wake, masikio yake. Aliusukuma muhogo kando.

"Miaka mingapi?" aliuliza mwishowe.

"Makumi mbili na tatu."

"Kila Jumapili nimeombea wale bazungu mabaya. Kila Jumapili, Rabson! Na majina sikuyajua, nikawa nasema tu, Bwana, wale ba Ndola. Sasa mambo yote yale nitayapeleka wapi? Nikuwekee weye?"

"Kama unataka, Mayo."

"Nyamaza. Rudisha mwanzo."

Nilirudisha mwanzo. Alisikiliza tena, sasa amefumba macho, akipiga mkeka kwa kiganja. Mara ya tatu alianza kutikisa kichwa. Nilifikiri hasira inakuja. Alifumbua macho.

"Hakuchelewa," alisema.

"Najua, Mayo. Sasa najua."

"Hujui kitu! Aliharakisha." Alisema kwa ukali wa mama aliyekwisha kusema jambo hilo mara elfu. "Sikia pale. Kafi bado iko kwenye maji, yeye tayari anajibu. Eness alikuwa vile tangu mutoto. Nilimuambia, ngoja, ngoja maji yadondoke. Hapana. Haraka, haraka. Na weye ukamufuata na ngoma yako, mukakosea wote wawili."

Rabson alianza kucheka. Kicheko kilitoka kwa shida, kama msumari ulioingia kutu, kisha kikatoka chote, na hakikuwa kicheko tu. Alijifuta uso kwa mkono wenye lami akaacha mstari mweusi shavuni. Mama yake alimwangalia hadi amalize. Hakumgusa, wala hakusema amemsamehe. Mimi nilingoja aseme, maana katika vitabu husema. Badala yake alinyoosha kidole kwenye mtumbwi uliogeuzwa, hatua tano kutoka mkekani.

"Iko na ile nyundo yako?"

Iko. Rabson huwa nayo siku zote, mshipini mwake.

"Kaa pale."

Alikwenda akakaa kando ya mtumbwi, mtu wa miaka arobaini na mitatu. Niliambiwa nirudishe mwanzo, nikarudisha. Gitaa likaita. Nyundo ya Rabson ikainuka juu ya ubao, na yule mama akainua kiganja chake tena, akikizuia hewani kama kafi iliyotoka majini, macho yake juu ya ziwa, na ndani ya mashine binti yake akajibu, na kiganja kikabaki juu.

"Bado," alisema Bana Eness. "Bado. Bado."

Maji yalidondoka.

"Sasa."